Gharama ya Kumfundisha Mtoto Kusoma Iko Wapi?

Mwaka 2015, kabla programu ya Tusome haijaingia madarasani nchini Kenya, watahini waliwaita wanafunzi wa darasa la pili mmoja mmoja, wakamwekea kila mtoto kifungu kifupi cha Kiswahili na kumpa dakika moja asome. Katika kila watoto 100, 43 hawakusoma hata neno moja. Kwa Kiingereza, walioshindwa kabisa walikuwa 38. Mwaka uliofuata kipimo hicho kilirudiwa kwa watoto wengine wa darasa hilohilo. Wale 43 walikuwa wamepungua hadi 19, na wale 38 hadi 12.

Tusome iliendeshwa na Wizara ya Elimu pamoja na shirika la RTI International, kwa fedha za serikali za Marekani na Uingereza. Iliingia katika shule za msingi za umma nchi nzima, zaidi ya 22,000, pamoja na shule takriban 1,500 za watu binafsi zinazohudumia familia maskini, nyingi zikiwa katika mitaa ya mabanda. Programu yenyewe haikujenga darasa hata moja. Haikuajiri mwalimu wala haikupandisha mshahara wa mtu. Aliyekuwa akiwafundisha watoto hao kusoma ndiye aliyeendelea kuwafundisha. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kilinunuliwa, na kwa bei gani, kwa sababu serikali zetu zimekuwa zikinunua vitu vingi kwa jina la elimu na watoto wakabaki palepale.

Tahadhari moja kwanza. Kipimo cha 2015 na cha 2016 ni cha kabla na baada, na programu ilipoenea nchi nzima hakukuwa na kundi lililobaki nje la kulinganisha nalo. Mtu anaweza kusema kwamba huenda watoto wangepanda hata bila Tusome. Ila Tusome haikuanzia hewani. Kati ya 2011 na 2014 Kenya ilikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, ambao ulizigawa shule kwa bahati nasibu, nyingine zikapata mbinu mpya na nyingine zikasubiri. Majibu ya majaribio hayo ndiyo yaliyoamua Tusome iweje. Nitayarudia, maana humo ndimo hesabu yenye thamani ilimo.

Tuanze na dakika moja yenyewe, kwani wapo wanaoona kwamba kumpima mtoto kwa saa ni kumwonea. Baraza la Mitihani la Kenya liliweka kiwango cha mtoto anayesoma kwa ufasaha kuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo inatokana na maumbile ya lugha: neno moja la Kiswahili kama “hawakunipikia” linabeba kazi ambayo Kiingereza huigawanya kwa maneno kadhaa. Tanzania iliweka kiwango chake kuwa maneno 50. Sasa chukua hadithi ya maneno 60, urefu wa aya moja ya kitabu cha darasa la pili. Mtoto wa maneno 45 kwa dakika ataimaliza kwa sekunde 80. Mtoto wa maneno 10 kwa dakika atahitaji dakika 6, na atakapofika kwenye neno la mwisho atakuwa amesahau fisi alikwenda wapi mwanzoni mwa hadithi. Akili yake yote ilikuwa imeshikwa na kazi ya kuunganisha herufi, hakubakiwa na nafasi ya kufuata habari. Kasi haitoshi kumfanya mtu aelewe, na nimewasikia walimu wakilalamika, kwa haki kabisa, kuhusu watoto wanaokimbiza maneno bila kujua wanachosoma. Lakini anayejikokota kwa maneno 10 hana njia ya kuufikia uelewa.

Kinachouma ni kwamba Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Irabu ni 5 na hazibadiliki. Chukua konsonanti 20 za kawaida, uzizidishe kwa irabu 5, unapata silabi 100. Ongeza zile za ch, sh, ny, ng', mb, nd na wenzake, bado uko ndani ya idadi ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuimiliki kwa mwaka mmoja wa shule, silabi chache kila wiki. Hakuna herufi bubu, hakuna sauti moja yenye tahajia nne kama ilivyo kwa Kiingereza. Na bado Kiswahili ndicho kilichokuwa na 43. Urahisi wa tahajia haumfundishi mtu. Lazima awepo mwalimu anayemwonyesha mtoto, kwa makusudi na kwa mpangilio, kwamba alama hii ni sauti hii, sauti hizi mbili zikiungana zinatoa silabi hii, na silabi hizi mbili ni neno unalolijua tangu nyumbani. Mwalimu atamke peke yake, kisha darasa zima naye, kisha mtoto mwenyewe bila msaada, na akikosea arekebishwe papo hapo. Ripoti ya jopo la kitaifa la Marekani kuhusu kusoma, iliyotoka mwaka 2000, ilitaja nguzo tano: kusikia sauti ndani ya maneno, kuhusisha herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu. Jambo la maana kwetu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tano ambayo mtoto wa mkulima wa Kitui au Kigoma anaweza kuachiwa aiokote mwenyewe.

Wengi waliachiwa. Elimu ya msingi bila ada ilianza Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, na Kenya peke yake idadi ya wanafunzi iliruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ninautetea hadi leo. Lakini darasa la watoto 60 lina hesabu yake isiyo na huruma. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Ukigawa kwa 60, kila mtoto ana nusu dakika. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika moja tu, atamaliza vipindi viwili bila kufundisha chochote. Basi wengi walikimbilia kuimba: mwalimu anasoma sentensi ubaoni, darasa linaitikia, na mtoto aliyekaa nyuma anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote bila kujua neno liko wapi. Kwa masikio ya mgeni anayepita uwanjani, darasa hilo linasoma.

Kuanzia mwaka 2009 mradi wa Uwezo uliwapima watoto majumbani, kwanza nchini Kenya, kisha Tanzania na Uganda, kwa mbinu iliyoazimwa kutoka India, na kelele hiyo ikafichuka. Wapimaji walimpa mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili ambayo hajawahi kuiona. Katika nchi hizo tatu, chini ya theluthi moja ya watoto waliokuwa darasa la tatu waliweza kuisoma. Nchini Tanzania, mmoja kati ya kila watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi alishindwa na hadithi hiyo ya Kiswahili. Miaka saba ya kuamka alfajiri, sare, daftari na michango.

Serikali na wafadhili walifanya kile ambacho huwa rahisi kufanya, yaani kununua vitu. Na hapa tuna bahati ya kipekee, kwa sababu manunuzi kadhaa ya aina hiyo yalipimwa kwa makini katika nchi zetu wenyewe. Miaka ya 1990, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100 za wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ambapo baadhi zilipewa vitabu vya kiada bure kuanzia 1996. Kwa wastani, vitabu havikupandisha alama. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari juu, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza ambacho watoto wengine hawakuweza kukisoma. Fikiria lori limefika, vitabu vimepokelewa na kusainiwa, kila karatasi ya ukaguzi iko sawa, na mtoto anayehitaji msaada kuliko wote hakupata kitu.

Tanzania ilijaribu pesa taslimu. Utafiti wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, uliofanywa mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, ulizipa baadhi ya shule ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, shule zilizopata ruzuku peke yake hazikuwa na tofauti ya kujifunza na zile zisizopata. Wazazi nao, walipoona shule imepata fedha, walipunguza kile walichokuwa wakitoa mifukoni mwao. Kundi jingine liliwaahidi walimu bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi aliyefaulu kila stadi, na matokeo yake yakawa ya mchanganyiko. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, ruzuku na bonasi, na hapo ndipo watoto walipopanda waziwazi, kwa kiasi kilichozidi jumla ya yale mawili yakitendeka kila moja peke yake. Pesa ilifanya kazi pale tu ilipokutana na mtu mwenye sababu ya kujali kama mtoto amejifunza.

Vishikwambi navyo vilipimwa. Huko Kisumu, ndani ya PRIMR, shule ziligawanywa katika makundi: kundi moja vishikwambi walipewa maafisa wanaotembelea walimu, la pili walipewa walimu, la tatu wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Makundi yote yalifanya vizuri kuliko shule za kulinganisha, lakini hayakuachana kwa maana kati yao wala hayakuipita PRIMR ya kawaida. Ukizingatia kwamba kifaa kimoja cha afisa kinahudumia shule kadhaa na kifaa cha mwanafunzi kinahudumia mwanafunzi mmoja, hesabu inajieleza. Wakati huohuo siasa ya Kenya ilikuwa imeahidi, katika kampeni za 2013, kompyuta kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 viligawiwa. Sitaki kudharau kiu ya wazazi ya kuona watoto wao wakigusa teknolojia. Ila jibu la Kisumu lilikuwa mezani.

Sasa turudi kwenye PRIMR kwa jumla. Jaribio lake moja lililigawa suluhisho vipande vipande. Kundi la kwanza la shule lilipata mafunzo ya walimu na maafisa wa kuwatembelea darasani. La pili lilipata hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. La tatu lilipata yote hayo pamoja na mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku lililopangwa hatua kwa hatua, likienda sambamba na ukurasa ambao mtoto anaushika. Kundi la tatu lilikuwa ghali kuliko mengine, na ndilo lililotoa faida kubwa zaidi kwa kila shilingi iliyotumika. Sababu yake ni ya kihesabu kabisa. Kitabu cha mtoto kinazidishwa kwa idadi ya watoto. Mwongozo unazidishwa kwa idadi ya walimu. Tuchukue mfano: mwongozo wa shilingi 600 za Kenya unaotumika miaka mitatu kwa darasa la watoto 50 ni shilingi 4 kwa mtoto kwa mwaka. Ni vigumu kupata kitu kingine chochote shuleni cha bei hiyo, zaidi ya chaki.

Wapo walimu wanaouchukia mwongozo, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 20 akipewa kitabu kinachomwambia aseme nini dakika ya nne, anahisi amegeuzwa kuwa kipaza sauti. Benjamin Piper, aliyeongoza PRIMR na Tusome kwa upande wa RTI, na wenzake walichunguza miongozo 19 kutoka nchi 13 na kukuta kwamba ile iliyobana kila neno la mwalimu ilifanya vibaya kuliko ile iliyotoa mpangilio na kumwachia nafasi ya kupumua. Mwongozo mzuri humpunguzia mwalimu kazi ya kubuni masomo ya wiki nzima usiku kwa taa ya sola. Haumwondolei kazi ya kumtazama mtoto.

Gharama ninayoiona kuwa kiini cha yote ni ya yule afisa. Kenya ilikuwa na maafisa wa usaidizi wa mitaala takriban 1,200, watu waliokuwepo kabla ya Tusome, wakiwa na vyeo, mishahara na ofisi, lakini wengi wakitumia siku zao kwenye karatasi, mikutano na mitihani. Gawa shule 22,000 kwa 1,200, kila afisa ana shule 18 au 19. Kila shule ina angalau madarasa matatu ya chini, kwa hiyo ni madarasa 55 hivi. Siku za shule kwa mwezi ni kama 20. Akitembelea madarasa mawili kila siku bila kukosa hata moja, anahitaji mwezi mmoja na wiki moja na nusu hivi kuyaona yote mara moja, na hapo hatujahesabu mvua, matope ya Murang'a au umbali wa Turkana.

Tusome iliwapa maafisa hao vishikwambi na kazi iliyo wazi. Afisa anaingia darasani, anatazama somo zima, anawachagua watoto watatu bila mpangilio na kuwasikiliza wakisoma, kisha anaketi na mwalimu kuzungumza. Kishikwambi kinarekodi mahali alipo kwa satelaiti, na nauli anarudishiwa kulingana na ziara zilizothibitishwa. Takwimu zinapanda hadi ngazi ya kaunti na Nairobi, mkubwa anaona nani ametembelea wapi. Huo ndio ukawa uti wa mgongo wa programu. Vitabu zaidi ya milioni 20 vilichapishwa, kimoja kwa kila mtoto, na hilo lilikuwa kubwa, kiasi kwamba mwaka 2018 wizara yenyewe ilianza kununua na kupeleka vitabu vya masomo mengine moja kwa moja shuleni kwa uwiano huohuo. Lakini Busia ilishatuonyesha vitabu peke yake vinafika wapi. Aliyehakikisha kitabu kimefunguliwa ni mtu aliyepanda bodaboda akaenda kuona.

Uganda ina jaribio linaloonyesha kinachotokea kazi ya mtu huyo inapofanywa kwa unafuu ili kuokoa pesa, na ningependa kila mpanga bajeti alijue. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, shirika la Mango Tree lilifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa lugha yao, Kilango. Watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton walilipima toleo kamili, lililogharimu takriban dola 20 kwa mwanafunzi, dhidi ya toleo la nafuu la takriban dola 7. Toleo la nafuu liliondoa baadhi ya vifaa, kama vibao vya kuandikia na saa za ukutani, na kuwakabidhi maafisa wa serikali kazi ya kuwafunza na kuwatembelea walimu ambayo katika toleo kamili ilifanywa na wafanyakazi wa Mango Tree. Kwenye karatasi yalionekana mambo madogo. Gharama ilishuka kwa karibu theluthi mbili. Faida ya kusoma ilishuka kwa theluthi hizo na zaidi: ilibaki moja ya tano tu ya ile ya toleo kamili. Ukigawa gharama kwa faida, toleo la nafuu linakuwa ghali kuliko lile kamili kwa karibu mara moja na robo tatu. Na upande wa kuandika, watoto wa toleo la nafuu walikuwa chini hata ya wale ambao hawakupata mradi wowote. Mtu alipunguza bajeti kwa nia njema kabisa, na katika kuandika watoto wakatoka wakiwa nyuma ya wenzao ambao hakuna aliyewagusa.

Tanzania nayo ilifanya mageuzi ya kweli. Kipimo cha kitaifa cha 2013 kilionyesha kwamba asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili walikuwa wakisoma kwa ufahamu unaotakiwa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulifumuliwa, ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), na sehemu kubwa ya muda wa masomo ikawekwa hapo. Programu ya LANES, kwa ruzuku ya karibu dola milioni 95 kutoka Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, iligharamia mafunzo ya walimu na vitabu. Dola milioni 95 zinasikika kama mlima. Zigawe kwa wanafunzi zaidi ya milioni 8 waliokuwa shule za msingi wakati huo, unapata chini ya dola 12 kwa kila mmoja, na fedha hizo zilitumika kwa miaka kadhaa. Hata ukizigawa kwa watoto wa madarasa ya chini peke yao, bado ni kiasi ambacho mzazi wa Dar es Salaam hulipa kwa twisheni ya muda mfupi tu.

Kundi moja programu hizi zote zililiacha kando. Tusome ililenga darasa la kwanza hadi la tatu, KKK la kwanza na la pili. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka 2015, asiyeweza kuunganisha silabi, alipitwa na gari likiwa tayari limejaa. Mwalimu wake alikuwa na mtaala wa darasa la tano wa kumaliza, na hakuna aliyempa ruhusa ya kurudi kwenye ba, be, bi, bo, bu. Kwa watoto hao mbinu nzuri inayojulikana ni kuwapanga kwa kile wanachoweza, bila kujali darasa wala umri, kwa saa moja au mbili kwa siku. Shirika la Pratham la India limeifanya kazi hiyo kwa miongo miwili. Katika jimbo la Haryana walimu wa serikali walitengewa saa moja ya ziada kila siku kwa ajili hiyo, wakasimamiwa, na watoto wakapanda. Bihar walipogawiwa vifaa peke yake, bila ule mpangilio wa makundi, hakukuwa na cha kuonyesha. Katika jimbo la Uttar Pradesh kambi za kusoma za siku 50 tu, zilizogawanywa katika vipindi vifupi, ziliwainua watoto waliokuwa wamekwama kwa miaka. Kenya yenyewe ina ushahidi wake: mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi, darasa la kwanza liligawanywa katika makundi mawili baada ya kuongezwa mwalimu wa mkataba. Nusu ya shule ziliwagawa watoto kwa uwezo. Baada ya miezi 18 watoto wa shule hizo walikuwa mbele ya wenzao, walioanza juu na walioanza chini pia, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale wanafunzi wake walipo. Gharama kubwa hapa ni muda wa ratiba, ambao waziri anaweza kuutoa kwa waraka mmoja.

Hofu yangu sasa ni kuhusu nani atalipa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Programu nyingi za kusoma katika ukanda wetu, Tanzania bara na Zanzibar pia, zilitegemea mfuko huo. Mfadhili anapoondoka, vitabu vilivyochapishwa hubaki hadi vichakae. Miongozo hubaki kabatini. Kinachokatika wiki ileile ni ziara, kwa sababu ziara ni nauli, na nauli hulipwa kila mwezi.

Basi tuipigie hesabu, kwa makadirio yangu ambayo kila mtu anaweza kuyabadilisha. Maafisa 1,200, ambao mishahara yao Tume ya Huduma kwa Walimu inailipa tayari. Kila mmoja atembelee madarasa siku 15 kwa mwezi, kwa miezi 9 ya masomo: siku 135 kwa mwaka. Tumpe shilingi 500 za usafiri kwa siku. Ni shilingi 67,500 kwa afisa, na shilingi milioni 81 kwa nchi nzima. Tuseme watoto wa gredi tatu za kwanza katika shule za umma ni milioni 3. Inakuwa shilingi 27 kwa mtoto kwa mwaka. Mgao ambao serikali ya Kenya imeupanga kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shilingi 27 ni chini ya asilimia 2 yake. Ongeza nauli mara mbili kwa ajili ya Marsabit na Mandera, bado hujafika asilimia 4.

Kitabu kina mchapishaji wa kukipigania. Mshahara una chama cha walimu. Darasa jipya lina mwanasiasa wa kukata utepe. Nauli ya afisa wa mitaala haina msemaji, ndiyo maana hukatwa kwanza. Tanzania hali ni hiyohiyo kwa maafisa elimu kata, ambao wana kata ya kuzunguka na mara nyingi pikipiki isiyo na mafuta. Mbunge anayepitia makadirio ya wizara, au mzazi aliye kwenye kamati ya shule, anaweza kuanza na maswali mawili yenye majibu ya tarakimu: muhula uliopita, mtu kutoka nje ya shule aliingia mara ngapi katika darasa la pili akakaa hadi kipindi kikaisha, na kati ya watoto watatu aliowasikiliza, wangapi walisoma.